Toy Story 3 ao Cars 2: watoto wa nyumbani uwachukulie gani, na wahakiki tuwasikilize mpaka wapi

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliniandikia saa nne za usiku, vakansi kubwa ndo zimeanza na watoto wamejaa nyumbani kama sambaza, wale samaki wadogo, kwenye beseni, akaniuliza: "Mdogo wangu, hapa Nyawera kuna mtu iko anauza PS3 okazio, maneti mbili, na disiki moja ya bure unachagua mwenyewe. Iko na Toy Story 3 na Cars 2. Nichukue gani?" PS3 ni PlayStation 3, mashine ya gemu za video, maneti ndo vile vya kushika mkononi kuchezea, na hizo mbili ni gemu za filamu za watoto, moja ya midoli, ingine ya mashindano ya magari. Nikamwambia subiri kesho, nikidhani ni swali la dakika mbili tu, nifungue simu, nione pointi ambazo wahakiki wa kule ng'ambo walizipa kila moja, nimtumie jibu, nilale. Kumbe nimekaa mpaka megabaiti zikaisha, na nilipomaliza nikaona yale maandishi yao yananisaidia sana, lakini si kwa njia ile wenyewe walitaka yanisaidie.

Ngoja kwanza mjue nyumba yenyewe. Yaya anakaa Kadutu, hapa Bukavu, watoto wake wawili, kijana wa miaka 11 na binti wa miaka 8, na juu yao ongeza wawili wa jirani ambao hawarudi kwao mpaka mama yao aite mara tatu. Televizio ni ile ya zamani ya mgongo mkubwa, inchi 21, unachomeka waya tatu za rangi, nyekundu nyeupe na manjano. Intaneti ya nyumba hakuna, iko simu ya yaya tu. Na delestaji ya umeme, hiyo sina haja ya kuwaeleza watu wa Bukavu. Nyumba kama hii wale wanaoandika kuhusu gemu hawajawahi kuifikiria hata siku moja, siwalaumu, wanaandikia watu wao, lakini sisi tukisoma lazima tukumbuke.

Sasa hizi gemu mbili zina bahati moja, zinalinganishika kweli, ju ni watoto wa mama mmoja. Zote zilitengenezwa na Avalanche Software, studio ya Salt Lake City kule Utah, Marekani, ambayo Disney waliinunua mwaka 2005. Toy Story 3 ilitoka mwezi wa sita 2010, siku chache tu kabla ya filamu yake, Cars 2 ikatoka mwezi wa sita 2011, nayo siku chache kabla ya filamu yake. Kwa hiyo huwezi kusema moja ilifanywa na mafundi na ingine na wanafunzi. Tofauti iliyopo ni ya mawazo, nini mtoto anapewa afanye akishashika maneti.

Halafu mjue kwamba gemu ya filamu ya watoto kwa kawaida inazaliwa na deni. Filamu ina tarehe, mabango yamepigwa, na gemu lazima iwe dukani siku zile zile, iwe imeiva ao haijaiva, ju filamu ikishaondoka sinema hakuna mtu atakumbuka kuinunua. Ndo maana wahakiki wamezoea kupokea gemu za namna hii mikono imefungwa kifuani, wameshaandika hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Toy Story 3 iliwashika hivyo hivyo, na ikawafungua mikono.

Kilichowafungua si hadithi. Sehemu ya hadithi ukiangalia maandishi yao wengi wanasema mambo yanayofanana: inafurahisha, inachekesha, inafuata filamu, inaanza na ile treni ya kauboi, lakini ni fupi, unaimaliza haraka. Kilichowafanya wasifu kwa sauti ni ile sehemu ya pili inayoitwa Toy Box, tuseme Sanduku la Midoli, ambapo hakuna filamu tena, mtoto anapewa kamji kadogo ka kauboi na anaambiwa haya, kazi kwako. Unachagua kuwa Woody, Buzz ao Jessie, wale midoli wa filamu, unapanda Pile-Poil yule farasi, na meya wa mji ni yule nguruwe wa kuwekea pesa, anakupa vikazi vidogo vidogo, kamkusanyie kitu fulani, kampake rangi nyumba ya fulani, kamvalishe raia huyu kofia. Ukipata pesa unaenda kununua vitu vipya na mji unakua, nyumba ya mizuka ya yule mtoto mbaya Sid, kituo cha anga cha Zurg, adui wa Buzz. Na kwenye PS3 peke yake unaweza hata kuwa Zurg mwenyewe, wenye Xbox 360, mashine ya Microsoft, hawakumpata, sijui waliwakosea nini.

Studio wenyewe walijua wameokota dhahabu, ju mwaka 2013 walichukua wazo lile lile la Toy Box wakalifanya moyo wa gemu yao Disney Infinity. Disney waliifunga studio 2016, Warner wakaichukua 2017, na 2023 watu wale wale wakatoa Hogwarts Legacy, ile gemu ya dunia ya Harry Potter. Kwa hiyo ukiona binti wa miaka 8 anapaka rangi ya waridi kituo cha sherifu usidhani ni mchezo wa kitoto bila akili nyuma yake.

Cars 2 mapokezi yake yalikuwa ya utulivu zaidi. Hakuna aliyeruka juu, na wachache waliikanyaga. Maneno unayoyakuta mara nyingi ni: inaendesheka vizuri kuliko tulivyotegemea, inafaa familia, lakini imefuata nyayo za Mario Kart, ile gemu ya mashindano ya vigari ya Nintendo, haileti jambo kubwa jipya, mashindano yake ni mafupi na yanaanza kufanana, na kisha lile lililowauma wengi, huwezi kushindana na watu kwa intaneti. Ilisifiwa kwa kitu kimoja zaidi ya vingine, watu wanne wanaweza kucheza pamoja mbele ya televizio moja, skrini inakatwa vipande vinne.

Soma tena hiyo orodha ya makosa ukiwa umekaa Kadutu. Haina intaneti? Sisi pia. Imefuata nyayo za Mario Kart? Watoto wa yaya hawajawahi kushika Nintendo, kwao Mario Kart ndo itaonekana imefuata Cars. Mashindano ni mafupi na yanafanana? Hapo njo ningemkumbatia aliyeitengeneza, ju shindano la dakika tatu nne linaisha kabla ya umeme kukatika, kila mtoto anapata zamu, na hakuna anayelia eti nilikuwa karibu kumaliza. Yaani mhakiki ameandika kasoro tatu na mimi nimesoma sifa tatu na nusu.

Lakini msinifanye niseme pointi hazina maana. Kuna ile tovuti Metacritic, tangu 2001 inakusanya pointi za wahakiki na kupiga wastani juu ya 100, kwa gemu 75 kwenda juu inapaka kijani, 50 mpaka 74 manjano, chini ya hapo nyekundu. Sisi Wakongomani tunaelewa haraka ju tumelelewa na asilimia, mtoto akileta buleteni swali la kwanza ni umepata ngapi, na ukiambiwa 68 unaridhika, hujauliza kama hizo 32 alizipoteza kwenye hesabu ao kwenye mazoezi ya viungo. Pointi za gemu ni vilevile. Mimi sitaki kujua walitoa ngapi, nataka kujua walizitoa wapi. Mhakiki akikata pointi ju kamera inajigonga kwenye ukuta na huoni unapoenda, hiyo itamsumbua mtoto wa Bukavu sawa na wa Chicago. Akikata ju hakuna intaneti, hiyo ni ya kwao.

Nirudi kwenye kulinganisha. Kitu ambacho sikukiona kimeandikwa vya kutosha, na nadhani ni ju mhakiki ni mtu mzima anayecheza peke yake ofisini na saa inamkimbiza, ni nani anashindwa. Kwenye Toy Box hakuna anayeshindwa. Wawili wanacheza pamoja skrini imekatwa mara mbili, mmoja anajenga, mwingine anarusha raia hewani, hakuna wa kwanza hakuna wa mwisho. Kwenye Cars 2 kila baada ya dakika nne kuna mtu amekuwa wa mwisho, na huyo wa mwisho mara nyingi ni mdogo kuliko wote. Mimi niliyaona haya mwaka jana kwa rafiki yangu anayekaa Bagira, Jumapili baada ya misa, watoto wanne mbele ya Cars 2, mama yao anakaanga sambaza jikoni, kelele mpaka barabarani. Kadogo mmoja wa miaka 6 alikuwa anashindwa kila mara mpaka midomo ikaanza kutetemeka, halafu kwa bahati akasukuma ile fimbo ya kulia ya maneti chini na gari yake ikageuka ikaanza kukimbia kinyumenyume. Ndivyo ilivyo hiyo gemu, fimbo ya kulia inakufanya uende nyuma mbele, ao kwa magurudumu mawili ubavu, ao uruke, na kila kituko kama hicho kinakujazia turbo, ule mwendo wa ziada. Kadogo akasahau mashindano kabisa. Akawa anaendesha kinyumenyume tu, anagonga kila mtu, anacheka mpaka anakohoa, kaka zake wanalalamika "Mama, mwangalie huyu, hachezi vizuri!" na mama kutoka jikoni: "Mumwache, na ye iko anacheza ya kwake."

Hiyo mhakiki aliandika kwa sentensi moja, eti uendeshaji una vituko vingi, akapita.

Kwa upande wa televizio ndogo Toy Story 3 inashinda. Inchi 21 ukiikata vipande vinne kila mtoto anabaki na dirisha la ukubwa wa daftari, na kwa waya za rangi maandishi yanakuwa ukungu, kule Bagira watoto walikuwa wamesogea mpaka pua zinagusa kioo. Wawili wanatosha, watatu ni msongamano, wanne ni hospitali ya macho. Lakini watoto wenyewe hawajali, mimi ndo ninajali.

Kuhusu umeme, Toy Box inaendelea tu, haina mwisho wa wazi, kwa hiyo ikikatika unakuwa katikati ya jambo. Inajihifadhi yenyewe, kinachopotea kwa kawaida ni kidogo, ila wafundisheni watoto wakiona kale kaalama ka kuhifadhi kwenye skrini wasizime kwa kidole. PS3 ikizimika ghafla, ukiiwasha tena inakuambia haikuzimwa vizuri na inaanza kukagua diski yake ya ndani, muiache imalize, msiichomoe kwa haraka. Nimeona mtu amepoteza kila kitu kwa kukosa subira ya dakika kumi.

Sasa nifike kwenye lililoniuma mimi mwenyewe, na hili ni kubwa kuliko pointi zote. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na PS2, mashine iliyotangulia PS3. Nikasoma vile Toy Story 3 imesifiwa, Sanduku, uhuru, mji wako mwenyewe, moyo ukanidunda, nikaenda kwa muuzaji mmoja wa mjini, simtaji, nikauliza Toy Story 3 iko? Iko. Ya PS2? Ya PS2. Nikatoa dola tano. Nimefika nyumbani nikawaita watoto wa mtaa, nikawahubiria ginsi kuna mji wa kauboi, tukachomeka, tukatafuta. "Tonton, huo mji iko wapi?" Subirini. "Tonton, haiko." Tulitafuta kila kona ya menyu. Haikuwepo, ju gemu ya PS2 ni nyingine kabisa, ilifanywa na Asobo Studio wa Bordeaux, Ufaransa, pamoja na ile ya PSP, mashine ndogo ya mkononi, na Toy Box haimo. Jina moja, picha ya juu ni sawa, ndani ni kitu kingine. Muuzaji hakunidanganya hata kidogo, aliniuzia nilichoomba. Mimi ndo nilisoma uhakiki wa gemu ambayo sikuinunua.

Na Asobo si watu wabaya jamani, hao hao ndo walifanya Ratatouille ya PS2 mwaka 2007, ile ya panya mpishi, nzuri tu ya kuruka na kupanda, na miaka ya mbele wakaja kutoa A Plague Tale 2019 na Microsoft Flight Simulator 2020. Ila PS2 mwaka 2010 ilikuwa mzee wa miaka kumi, haikuweza kubeba huo mji.

Mtego huu ni wa zamani. Aladdin ya mwaka 1993 zilikuwa mbili, ya mashine ya Mega Drive waliifanya Virgin pamoja na wachoraji wa Disney, ya Super Nintendo waliifanya Capcom, na mmoja wa walioiunda ni Shinji Mikami yule wa Resident Evil, gemu ya kutisha, gemu mbili tofauti chini ya jina moja na mpaka leo watu wazima wenye ndevu wanabishana ipi ni bora. Shrek 2 ya 2004 nayo hivyo, ya PS2 ya Luxoflux ni ile tamu ambapo wahusika wanne wanatembea pamoja na mnasaidiana, wawili mkishika maneti zenu bila kununua kifaa kingine, lakini ya kompyuta ni gemu nyingine nyepesi ya watoto wadogo sana. Kwa hiyo ukisoma uhakiki, angalia kwanza juu kabisa wameandika ya mashine gani, kama si ya kwako funga, tafuta ingine.

Na upande wa Cars kuna mtego mwingine. Cars 2 haikutoka kwa PS2, haipo, haikutengenezwa. Mtu akikuonyesha Cars 2 ya PS2 na karatasi yake nzuri ya rangi, amebadilisha karatasi, ndani pengine ni Cars Mater-National ya 2007 ao Race-O-Rama ya 2009. Wenye PS2 wanaotaka Flash McQueen, gari shujaa wa Cars, watafute Cars ya kwanza, ya 2006, iliyofanywa na Rainbow Studios, watu waliozoea gemu za pikipiki za vumbi, na inaonekana, gari inateleza kwenye mchanga kama inavyopaswa, unazurura Radiator Springs unavyotaka, na kuna kale kamchezo ka usiku ka kuwapindua matrekta na Martin, rafiki wa McQueen, ambako watoto hawachoki nako. Wahakiki waliipokea vizuri tu kwa gemu ya filamu. Kwa PS2 mimi ningeweka hiyo na Shrek 2, Toy Story 3 ningeiacha kwenye rafu.

Lugha sasa, ju binti wa yaya anasoma Kifaransa lakini Kiingereza hapana, na kwenye Toy Box ukikosa kuelewa meya anataka nini unabaki unazunguka na farasi. Kwenye Cars 2 hata ukiwekewa Kichina utacheza, mshale unaenda mbele, wewe nenda mbele. Disiki za PS3 karibu zote zinacheza popote, hazina mipaka, ila lugha zinafuata mahali disiki ilikouzwa. Angalia ubavu wa sanduku ao uso wa disiki, kuna herufi nne na namba: herufi ya tatu ikiwa E ni ya Ulaya, mfano BLES ao BCES, hapo una nafasi nzuri ya kukuta Kifaransa, ila bado geuza nyuma usome lugha zilizoandikwa. Ikiwa U, BLUS ao BCUS, ni ya Marekani, Kifaransa usikitegemee. PS2 nayo ina alama za namna hiyo, SLES na SLUS, lakini ile mashine ina mipaka, kama haijachokonolewa na fundi disiki ya bara lingine inaikataa.

Watu wataniuliza mbona sikuweka Le Roi Lion, gemu ya ile filamu ya mfalme simba. Niliifikiria, tena kwa sababu ya upuuzi, Simba, Rafiki, Pumbaa, majina yote ya kwetu, unaona kama gemu ya ndugu. Lakini hiyo ya 1994 ya Westwood Studios ni nzuri kwa macho na katili kwa mkono, hatua ya pili tu, ile ya nyani wanaokurusha na mbuni anayekimbia, imeliza watoto dunia nzima. Na haikuwa bahati mbaya, Louis Castle aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Westwood alikuja kueleza kwamba Disney hawakutaka mtu aikodishe siku mbili aimalize kisha asinunue. Wahakiki wa wakati ule waliisifu kwa michoro, aliyelipa ni mtoto. Mwaka 2019 waliirudisha pamoja na Aladdin kwenye disiki moja ya PS4, Switch na kadhalika, wakaweka uwezo wa kurudisha nyuma ukikosea, hapo ndo inachezeka. Yaya hana PS4, kwa hiyo tuliishia hapo.

Basi nilimpigia asubuhi. Nikamwambia hivi: kama ungekuwa na watoto wako wawili tu, Toy Story 3 bila kuuliza, hasa kwa binti, ju inakaa miezi na hawagombani. Lakini wewe hauna wawili, una wanne, na Toy Story 3 na watoto wanne maana yake wawili wanajenga mji na wawili wanasema "zamu yetu lini" kuanzia saa mbili mpaka jioni, na wewe ndo jaji. Chukua Cars 2. Maneti mbili zinatosha kuanza, aliyekuwa wa mwisho anampisha anayengoja, kila dakika nne. Akasema, "Na binti yangu?" Nikanyamaza kidogo. Kusema kweli kama ningekuwa nanunua gemu kwa moyo wangu ningechukua ile ingine, bado nina deni na huo mji wa kauboi.

Akachukua Cars 2. Alipofika kwa muuzaji aliinua disiki kwenye mwanga nilivyomwambia, ya PS3 ni Blu-ray, uso wake ni mgumu haukwaruziki kirahisi, lakini ukishakwaruzika kwa kina hausaidiki, data iko juu juu tu, na zile dawa za meno ambazo tulikuwa tunasugulia CD hazifanyi kitu. Ilikuwa safi, herufi ya tatu ni E. Jirani ameshaleta maneti ya tatu, ina fimbo ya kushoto inayojiendea yenyewe, wanampa mgeni. Toy Story 3 muuzaji alikubali kuiweka mpaka mwisho wa mwezi kwa dola sita, na binti anaweka akiba kwenye kopo la maziwa, juzi aliniuliza kama kweli unaweza kumvalisha meya kofia.